Kukutana Tena na Rafiki wa Miaka ya Ughaibuni: Hatua kwa Hatua

Kwa miaka minne niliyoishi nje, mtu aliyenijua kuliko wote hakuwa ndugu yangu wala mtu wa kwetu. Alikuwa mgeni kama mimi, ametoka nchi nyingine kabisa, na tulikutana kwenye jiko la hoteli tulikokuwa tukiosha vyombo zamu ya usiku. Viza yake ikaisha, yangu ikafuata. Tuliagana uwanja wa ndege tukiahidiana kuandikiana kila wiki, na kweli tuliandikiana kwa miezi saba. Baada ya hapo ilipita miaka 16 kabla sijamwona tena.

Mwongozo huu umetokana na kumtafuta yeye, na baadaye wengine wawili wa miaka ile ile. Nimeuandika kwa sababu rafiki wa ughaibuni hatafutwi kama rafiki wa utotoni. Wa utotoni mkipoteana, yupo mama yake, yupo jirani, yupo mtu wa kuulizia. Huyu mwingine alikuwa na uzi mmoja tu kati yenu, na ukikatika umekatika. Halafu urafiki wenyewe ulishikiliwa na mahali na kazi: jiko mlilochangia, basi la alfajiri, foleni ya kibali cha kuishi, chumba ambacho kipasha joto chake hakikuwahi kufanya kazi. Vitu hivyo havipo tena. Ndiyo maana kumpata ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kuupa urafiki huo kitu kipya cha kushika.

Hatua ya 1: Andika unachokumbuka kabla ya kugusa simu

Chukua karatasi. Andika jina lake kama mlivyokuwa mkimwita, kisha jina kamili kama uliwahi kuliona kwenye barua, beji ya kazi au mlango wa chumba. Andika mji aliotoka, si nchi peke yake. Andika alichosoma, mwaka aliofika na mwaka alioondoka, kazi aliyosema angependa kufanya akirudi, na majina ya watu wengine wa wakati ule, hata wale ambao hamkuwa karibu nao. Mara nyingi hao wa pembeni ndio wanaopatikana kwanza.

Fanya hivi kabla ya kuingia mtandaoni kwa sababu kumbukumbu huchafuka upesi. Ukishaona nyuso ishirini zinazofanana na yake, hutajua tena kama kovu lilikuwa shavu la kulia au la kushoto. Fungua pia sanduku la zamani: pasipoti iliyokwisha muda, kadi za benki, madaftari, nyuma ya picha. Mimi jina la pili la mwenzangu nililipata kwenye ratiba ya zamu iliyokunjwa ndani ya kamusi.

Hatua ya 2: Lielewe jina lake kwa desturi ya kwao

Hapa ndipo wengi wanapokwama, na si kwa sababu mtu hayupo mtandaoni. Wanatafuta jina ambalo yeye halitumii.

Wachina, Wakorea, Wajapani, Wavietnam na Wahungaria hutanguliza jina la ukoo. Kwa hiyo lile ulilodhani ni jina lake la kwanza huenda ni la familia nzima. Watu wa nchi zinazozungumza Kihispania hubeba majina mawili ya ukoo, la baba kisha la mama, na huenda wewe ulilijua moja tu. Waethiopia kwa kawaida hawana jina la ukoo; jina la pili ni la baba, la tatu ni la babu, kwa hiyo hata ndugu wa baba mdogo hatakuwa na jina la pili kama lake. Waaislandi wengi nao hujiita mwana wa fulani au binti wa fulani.

Ndoa nayo hubadilisha mambo, lakini si kila mahali. Japani sheria inawataka mume na mke wawe na jina moja la ukoo, na kwa sehemu kubwa ni mke anayebadilisha. Uhispania na China mwanamke hubaki na jina lake. Kujua hilo kunakuokoa usipoteze wiki ukimtafuta kwa jina aliloliacha, au usikate tamaa mapema ukidhani amelibadilisha.

Kuna na suala la herufi. Jina lililotoka kwenye Kiarabu huandikwa Mohamed, Muhammad au Mohammed. Youssef ni yule yule Yusuf. Yulia wa Kirusi anaweza kuwa Julia kwenye akaunti yake na Iuliia kwenye pasipoti. Jaribu maumbo yote. Na ukiweza, pata jina lake kwa maandishi ya kwao, ya Kichina, Kirusi, Kiarabu au Kikorea, ulitafute hivyo. Mtu akirudi nyumbani kwao hujiandika kwa herufi za nyumbani. Zile za Kilatini zilikuwa kwa ajili yetu wageni.

Hatua ya 3: Mtafute anakoishi sasa, si mlikokuwa mnazungumzia

Mitandao mingi tuliyoitumia zamani imezimwa. Orkut ilifungwa Septemba 2014, Yahoo Messenger Julai 2018, Google+ Aprili 2019, BBM (ujumbe wa simu za BlackBerry) ya watu wa kawaida Mei mwaka huo huo, na Skype Mei 2025. Ukiona ukimya wa miaka, usiseme moyoni kwamba alikusahau. Huenda alibaki na jina lako kwenye orodha ambayo siku moja haikufunguka.

Barua pepe ya zamani ijaribu, ila usiitegemee. Kampuni nyingi hufuta masanduku yasiyotumika. Yahoo, kwa mfano, baada ya miezi 12 ya kutoingia. Barua ikirudi, umepata jibu. Isiporudi, hujui kitu bado.

Namba ya simu ina siri ambayo wachache wanaijua: huenda haikufa, bali nchi iliongeza tarakimu. Brazili iliongeza 9 mbele ya namba za mkononi kati ya 2012 na 2016. Côte d'Ivoire ilitoka tarakimu 8 ikaenda 10 tarehe 31 Januari 2021. Benin ikafanya hivyo Novemba 2024 kwa kuweka 01 mbele. Tafuta kama nchi yake ilibadilisha utaratibu, uiandike upya namba uliyonayo, kisha ujaribu. Lakini kampuni za simu hutoa tena namba zilizoachwa, kwa hiyo anayepokea anaweza kuwa mtu mwingine kabisa. Ujumbe wa kwanza kwenye namba ya zamani uwe wa kuuliza tu kama bado ni ya fulani. Usiweke humo habari za maisha yake.

Kila nchi ina baraza lake. Facebook imezuiwa China tangu 2009, na watu wa huko wako WeChat. Warusi wengi wako VK. Japani ni LINE, Korea ya Kusini ni KakaoTalk. Kama hutaki kufungua akaunti mpya, tumia njia ya kazi: LinkedIn, tovuti ya chuo anachofundisha, orodha ya wanachama wa taaluma yake, makala aliyoiandika. Chuo mlichosoma kina ofisi ya wahitimu. Hawatakupa anwani yake, wala hawapaswi, lakini nyingi hukubali kumpelekea ujumbe wako ili yeye mwenyewe aamue.

Hatua ya 4: Tafuta kwa sauti ya chini

Naomba hatua hii uisome mara mbili. Usibandike picha yake kwenye kurasa za umma ukiandika "Nani anamfahamu huyu?" Najua unafanya kwa upendo. Lakini hujui alikuwa amekimbia nini alipokuja huko mlikokutana. Wapo waliokuwa wakimbizi, wapo waliomkimbia mume, wapo waliobadilisha jina ili wasipatikane na mtu mmoja tu, na tangazo lako linampelekea mtu huyo mji, sura na mwaka. Wapo pia waliomaliza vibaya na idara ya uhamiaji na hawajawahi kuwaambia watoto wao.

Uliza mtu mmoja mmoja, kwa ujumbe wa faragha. Ukimpata anayemfahamu, usimwombe namba yake. Mpe yako, mwambie amfikishie. Anayetaka kupatikana atapiga.

Hatua ya 5: Andika ujumbe wa kwanza, na uutume

Unaweza kukaa na anwani yake miezi bila kuandika. Haikupati wewe peke yako. Watafiti Lara Aknin na Gillian Sandstrom walichapisha mwaka 2024 majaribio waliyofanya na watu waliotaka kuwaandikia marafiki wa zamani, waliokuwa na mawasiliano yao na kupewa muda wa kuandika pale pale. Waliotuma hawakufika theluthi moja. Kilichosaidia baadaye hakikuwa maneno ya kutia moyo, bali mazoezi: watu walipopewa kwanza dakika chache za kuwaandikia marafiki wa sasa, ndipo wakamgeukia wa zamani, zaidi ya nusu walituma. Fanya hivyo hivyo. Waandikie salamu watu watatu unaowasiliana nao kila siku, na vidole vikiwa bado na joto, mwandikie yeye.

Ujumbe wenyewe uwe na mambo manne. Wewe ni nani, ukitaja mahali na mwaka. Kumbukumbu moja ya kweli, ndogo, ambayo hakuna mtu mwingine angeijua. Sababu ya kuandika sasa. Na mlango ulioachwa wazi, asione kwamba anadaiwa jibu. Mimi niliandika hivi:

"Habari za siku nyingi. Ni mimi mwenzako wa zamu ya usiku, wa ghorofa ya tatu, mwaka 2007. Juzi ilinyesha mvua kubwa nikakumbuka tulivyokosa basi la mwisho tukatembea hadi nyumbani viatu vikiwa mkononi. Nimekuwaza mara nyingi miaka hii, na leo nimeona niandike. Sina shida yoyote. Nilitaka kujua kama u mzima. Ukipata nafasi nijibu. Usipopata, nakutakia heri wewe na wako."

Ile kumbukumbu ndogo haipo kwa ajili ya uzuri tu. Ujumbe unaotoka gizani baada ya miaka mingi unafanana sana na ujumbe wa tapeli, na mtu mwenye busara ataufuta. Viatu mkononi ndivyo vilivyomhakikishia kuwa ni mimi. Kwa sababu hiyo hiyo usiweke kiungo cha kubofya wala faili, na usiombe namba yake, weka yako. Na mwenzako akikujibu, nawe jihakikishie: muulize swali ambalo jibu lake halipo mtandaoni, au ombeni kuonana kwenye simu ya video. "Rafiki" anayekwepa kuonekana na kufika haraka kwenye habari za pesa, achana naye.

Sentensi ya "sina shida yoyote" iandike tu kama ni kweli. Ikiwa unahitaji barua ya mwaliko, kazi au mkopo, sema waziwazi tangu mwanzo au subiri mpaka urafiki urudi. Kumpa mtu furaha ya kukumbukwa, kisha wiki mbili baadaye kumwonyesha kwamba alikumbukwa kwa shida, ni jeraha ambalo sijaona likipona.

Usijieleze sana kuhusu ukimya wako. Sentensi moja inatosha, maana na yeye alinyamaza. Msamaha mrefu unamlazimu aanze kukufariji kabla hajakusalimu.

Na lugha? Andika kwa ile mliyozungumza pamoja, hata kama imekuchakaa. Lugha isiyotumika hupungua, na huenda yake nayo imepungua vivyo hivyo. Usimpe mashine iandike yote. Kosa lako la zamani la sarufi, lile alilokuwa akilicheka, ndiyo sauti anayoifahamu.

Hatua ya 6: Ukikutana na kimya, na ukikutana na msiba

Ujumbe wa mtu asiye kwenye orodha ya marafiki huangukia kwenye folda ya maombi au ya barua taka, na kuna watu hawaifungui mwaka mzima. Subiri wiki tatu au nne. Kisha andika mara ya pili kwa njia tofauti, kwa ufupi zaidi. Baada ya hapo acha. Mara ya tatu tayari ni kumbana mtu, na mlango ulioacha wazi utakuwa umeufunga kwa mkono wako mwenyewe. Mmoja wa wale wawili wengine niliowatafuta hakujibu hadi leo. Nilisoma kwamba anafundisha, anaonekana ana afya, na nimekubali kwamba hiyo ndiyo habari niliyopewa.

Inawezekana pia ukakuta ameshafariki. Facebook huweka neno la ukumbusho karibu na jina la marehemu, na watu huliona hivyo tu, usiku, wakiwa peke yao. Huzuni hii ni ya upweke kwa sababu hapo ulipo hakuna aliyemjua. Hakuna wa kukuambia pole. Ukifika hapo, waandikie jamaa zake, na usiishie kwenye rambirambi. Waandikie kisa. Wao hawajui alivyokuwa miaka ile, alivyocheka, alivyomgawia mgeni koti lake. Miaka hiyo kwao ni ukurasa mtupu, na wewe ndiye mwenye kalamu. Kama una picha, watumie. Sijui zawadi kubwa kuliko hiyo kwa mama aliyemtuma mwanawe mbali.

Hatua ya 7: Simu kabla ya safari

Amejibu. Usikimbilie kununua tiketi. Pangeni kwanza simu moja, ya video ikiwezekana, ili nyuso zizoeane: yeye amepata mvi, wewe umenenepa, na afadhali mshangao huo uishie kwenye kioo cha simu.

Angalia saa. Sisi tunaohesabu saa tangu mapambazuko tunajikwaa hapa: ukimwambia "saa mbili" naye akaandika 2:00, mmoja wenu atakesha. Andika kwa tarakimu za saa 24 na utaje miji yote miwili, "20:00 kwangu, 18:00 kwako". Kumbuka nchi nyingi za Ulaya husogeza saa Jumapili ya mwisho ya Machi na ya mwisho ya Oktoba, wakati sehemu kubwa ya Marekani husogeza Jumapili ya pili ya Machi na ya kwanza ya Novemba. Katika wiki hizo za katikati, tofauti mliyoizoea si ile.

Simu ya kwanza iwe ya nusu saa. Mwache amalize akiwa bado ana hamu.

Hatua ya 8: Amueni nani anasafiri, na semeni habari za pesa

Methali yetu inasema milima haikutani, binadamu hukutana. Lakini binadamu hao wana pasipoti zisizolingana. Mmoja anaweza kupanda ndege kesho. Mwingine atahitaji miezi ya makaratasi. Kabla ya kupanga tarehe, linganisheni: nani anahitaji viza kwenda kwa nani, na je, ipo nchi ya tatu inayowapokea wote wawili kwa urahisi? Kukutana nchi ya tatu kuna uzuri wake pia. Wote mnakuwa wageni tena, kama zamani.

Kama ni wewe unayeomba viza, anza mapema. Kwa eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, ambazo sasa ni 29, unaweza kuwasilisha maombi hadi miezi 6 kabla ya safari na si chini ya siku 15. Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 na iwe hai angalau miezi 3 baada ya siku ya kuondoka. Nchi nyingine nyingi hutaka miezi 6. Ukienda kulala nyumbani kwa mwenyeji wako Ufaransa, yeye ndiye anayekwenda ofisi ya meya kuomba cheti cha kukupokea, attestation d'accueil. Ujerumani, mwenyeji anayebeba gharama zako husaini hati ya ahadi iitwayo Verpflichtungserklärung. Marekani haidai barua ya mwaliko kwa viza ya matembezi. Wanakupima wewe na sababu zako za kurudi. Mwulize mwenzako mapema kama yuko tayari kwa shughuli hizo, na umpe nafasi ya kusema hapana.

Beba pasipoti yako ya zamani yenye viza za miaka ile. Ikiwa uliwahi kunyimwa viza au kupitiliza muda, andika ukweli kwenye fomu. Kumbukumbu zao ni ndefu kuliko zetu.

Pesa ndizo zinazotia aibu kuliko yote. Ughaibuni mlikuwa sawa, wote mkihesabu sarafu. Miaka mingi baadaye mmoja ana nyumba mbili na mwingine anakopa nauli. Anayejiweza aseme kwanza, kwa upole na kwa kitu maalumu: "Malazi niachie mimi." Na asiyejiweza aseme wazi: "Tiketi nitaipata Agosti, si kabla." Nimeona watu wakiahirisha mwaka baada ya mwaka wakisingizia kazi, kumbe ni nauli.

Hatua ya 9: Siku yenyewe

Usipange kukutana siku unayotua. Mwili unahitaji takriban siku moja kwa kila ukanda wa saa uliovuka, na kwenda mashariki huchosha zaidi. Huhitaji kupona kabisa. Laleni usiku mmoja, kisha mwonane mchana.

Mimi na mwenzangu tulikosea mkutano wa kwanza. Tuliketi mgahawani, ana kwa ana, nguo nzuri, na kila mmoja akauliza kwa zamu: wazazi, watoto, kazi, afya. Tulimaliza miaka 16 kwa dakika 40. Kisha tukatazama sahani. Nilihisi nimesafiri kwenda kumwona mtu wa heshima, si yule wa jikoni.

Jioni tulikwenda kwake. Baada ya chakula nikainuka kukusanya vyombo, kwa mazoea tu. Akaja kusimama kushoto kwangu, mahali pake pa siku zote. Mimi naosha, yeye anasuuza. Hatukuwa tunatazamana tena, mikono ilikuwa na kazi, na hapo ndipo maneno yalipokuja. Aliniambia kwamba mwaka wetu wa mwisho kule hakulipwa mshahara miezi miwili na hakumwambia mtu, na kwamba zile jioni nilizosema nimepika kingi kupita kiasi ndizo zilizomvusha. Sikuwa najua. Nilidhani anapenda tu kuja kwangu.

Kwa hiyo usiwape miili yenu viti viwili na meza katikati. Kumbuka mlikuwa mkifanya nini pamoja, mkifanye. Kama mlitembea, tembeeni. Kama mlikuwa mkisoma kimya kwenye maktaba moja, ingieni maktaba. Kama mlicheza mpira, tafuteni mpira, magoti yataamua. Mazungumzo yatakuja yenyewe katikati ya kazi.

Mwenzi na watoto wakutanisheni, lakini siku ya pili. Siku ya kwanza watawalazimu mtafsiri kila kicheko.

Peleka picha zilizochapishwa, nakala zake abaki nazo. Watu wengi walipoteza picha za miaka ile pamoja na simu na kompyuta zilizoharibika. Huenda hana hata moja ya uso wake akiwa na miaka 23.

Mtatofautiana kuhusu yaliyotokea. Yeye atasema ilikuwa Februari, wewe Aprili. Atakumbuka ugomvi usioukumbuka kabisa. Usishindane. Muulize anachokiona yeye anapokumbuka, maana alisimama upande wa pili wa chumba. Na kama kulikuwa na kosa baina yenu, deni, neno baya, siri uliyoitoa, liseme siku hizo hizo mkiwa pamoja, kwa sentensi fupi. Simu haifai kwa hilo.

Akiwa amebadilika msimamo katika dini au siasa, sikiliza kwanza namna alivyofika huko. Inaweza kuwa safari ngumu kuliko ya ndege.

Hatua ya 10: Kabla hamjaagana

Msiahidiane kuandikiana kila wiki. Ahadi hiyo ndiyo iliyotupoteza mara ya kwanza: wiki moja ilipita, aibu ikaingia, na aibu ikazaa miaka. Chagueni kitu kidogo chenye siku yake. Sisi tulichagua Jumapili ya kwanza ya mwezi, baada ya chakula cha jioni cha anayetangulia kuona giza. Naegemeza simu kwenye rafu, naye anaegemeza yake, kila mtu anaosha vyombo vyake. Mwezi ukipita bila simu hakuna anayeomba radhi, tunangoja unaofuata.

Kisha badilishaneni namba ya mtu mmoja wa nyumbani kwa kila upande: dada, mwanao, jirani anayeaminika. Mwambie mtu huyo habari za rafiki yako, jina lake kamili kwa herufi za kwao, na mlikokutana. Mimi nimemwandikia binti yangu kwenye daftari la simu la nyumbani, ukurasa wa kwanza.